Papa Parabola na Panye ya Rimu ya Kabaza

Mtupaji bora wa basketi kutoka Dzaleka hadi Cape Town ni mimi, Patient, msaidizi wa michezo wa shule yetu, na anayebisha aje kiwanjani na viatu vyake. Kamati ilitafuta mtu wa kuandika maneno ya kumuaga Mwalimu Gaspard Byamungu, ikaona bantu wote wenye diploma wanaandika kama wanajaza fomu, njo ikanipa mimi niliyeishia sekondari ya pili. Haikukosea.

Mwalimu Gaspard anastaafu leo, tarehe 25 Julai 2003, baada ya miaka thelathini na minne ya chaki. Ishirini na saba aliifanya Bukavu, mpaka vita ya 1996 ilipomtoa darasani katikati ya somo. Mwaka uliofuata alifika Dzaleka, kambi yetu ya wakimbizi huku Malawi, na mke wake, Mama Godelive. Masanduku hawakuwa nayo, ila rula ya mbao ya ubaoni, mita nzima. Mama Godelive mpaka leo anauliza kwa nini hakubeba sufuria.

Huku alikuta batoto wanakimbia ekwasio ya digrii ya pili, ile milinganyo yenye mraba, kama wanavyokimbia sindano. Akaokota rimu iliyopinda ya kabaza, zile baiskeli za kubebea abiria, akaifunga juu ya nguzo ya mkaratusi, mita tatu kwa rula yake. Hiyo njo panye yetu, goli la basketi. Mtu akiuliza alama ya kutoa inatafuta nini mbele ya t mraba, Mwalimu alirusha mpira juu, akakunja mikono, akangoja. Jibu lilishuka lenyewe, mara nyingine juu ya kichwa cha aliyeuliza.

Kisha aliandika kimo cha mpira: mbili, jumlisha sita t, toa tano t mraba. Ni lini mpira uko mita tatu? Majibu mawili: moja ya tano ya sekunde, na sekunde moja nzima. La kwanza mpira unapanda, la pili unashuka, na panye inapokea unaoshuka tu. Mi mwenyewe, niliyefukuzwa na hesabu mara mbili, nilielewa siku ile. Sikumwambia, asije akajivuna.

Batoto walimwita Papa Parabola. Hata mimi hakuniachia. Mpira wangu ukitua ndani ya nsima, ugali wa huku, ya jirani, alipaza sauti: "Patient, nguvu iko, akili iko likizo!"

Ndoto yake ilikuwa moja: kabla hajastaafu, mwanafunzi wake mmoja aingie shule fulani ya bweni ya Lilongwe, iliyotoa nafasi moja kwa kambi, kwa mtihani wa hesabu. Mei mwaka jana alimpata: Maombi, binti wa Fizi, miaka kumi na saba, mwaka wake wa mwisho wa kuruhusiwa. Alipanda lori la tumbaku lililotoka Mponela, akaingia kwenye mtihani akinuka kama pakiti ya sigara, akamaliza kuandika kabla ya wote.

Alikosa nafasi kwa alama mbili.

Mwalimu alienda mwenyewe kuomba kuiona karatasi. Swali liliuliza ni lini mpira unafika kileleni, mahali unapogusa mara moja tu. Jibu ni moja tu: sekunde moja na nusu. Maombi aliandika 1,5, kwa virgili, ule mkato wetu sisi wa shule za Kifaransa. Malawi wanaweka nukta. Msahihishaji akaona majibu mawili: moja, na tano. Sifuri.

Mwalimu alirudi akasema mbele ya shule nzima kwamba kosa ni lake, mkono wake wa Bukavu haukuzoea nukta. Juma lile lile akaomba kustaafu mwaka mmoja mapema. Maombi iko Mtandire, mtaa wa Lilongwe, anashona kwa shangazi yake.

Mwalimu, aksanti, merci, zikomo. Wewe na Mama Godelive mpumzike, mle vizuri, na magoti yasiwasumbue.

Ila kuondoka na kosa lisilo lako, hapana. Jumamosi kabla ya mtihani ulilala na malaria, ukanituma nimfundishe Maombi nukta. Nilikuwa kiwanjani, namwonyesha mwanafunzi mmoja, Narcisse, namna ya kurusha kinyumenyume. Maombi akanifuata mwenyewe, akauliza kama Malawi wanakubali virgili. Sikujua. Nikamjibu hesabu ni hesabu, popote. Kisha nikaja kitandani kwako kukwambia nimefundisha, na ukanishukuru.