Kikombe cha Ijumaa cha Madam Caren

Leo, tarehe thelathini na moja Julai, Madam Caren Chepngetich anastaafu baada ya miaka thelathini na tatu ya ualimu, kumi na sita kati ya hiyo akiwa mwalimu mkuu wetu hapa shuleni Cheptulwet. Tunamshukuru Mungu aliyemfikisha mwisho akiwa na afya na meno yake yote. Kuhusu nani aandike wasifu huu, walimu walivutana wiki mbili, kila mmoja akitaka awe yeye. Mwishowe Madam mwenyewe akasema sisi wapishi wa jikoni ndio tuandike. Kwa hivyo mkikuta kosa, mlaumuni aliyetuchagua.

Madam alizaliwa upande wa Kipkelion, nyumba ya ng'ombe na mahindi, akaanza kazi Bomet akifundisha darasa la kwanza. Mpaka leo akienda sokoni huko anasimamishwa na wanaume wenye ndevu wanaotaka kumwonyesha watoto wao. Siku aliyoripoti kwetu mvua ilikuwa kubwa, akakuta mbuzi wa jirani wamejikinga ndani ya ofisi yake. Hakuwafukuza. Aliita mkutano wake wa kwanza jikoni, karibu na moto, na kuanzia siku hiyo sisi wapishi tulijiona watu wake kuliko mwalimu yeyote. Jambo hilo walimu hawajalisahau.

Mwaka juzi, mwezi wa tatu, mvua ya mawe ilitushukia mchana watoto wakiwa darasani. Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Lakini paa la madarasa lilikwenda lote, na majani chai ya wazazi yakabaki vijiti vitupu. Wazazi ambao wangetuezekea walikuwa wamesimama kwenye mashamba yao, hawana hata shilingi ya bati. Madarasa yakahamia kituo cha chai, kile kibanda ambapo wakulima huleta majani kupimwa. Watoto walitundika mifuko yao kwenye ndoano za magunia, na lori la kiwanda likipiga honi kule kwenye kona, somo lilikuwa limeisha hata kama halijaisha.

Walimu walichoka. Habari za uhamisho zilianza kusemwa kwa sauti ya chini. Mwalimu Jackton wa hesabu, aliyetujia kijana kutoka upande wa ziwa, alikuwa anatafuta nafasi Bomet mjini, kwenye shule yenye paa. Akiondoka, gredi ya tisa hawana wa kuwafikisha kwenye mtihani. Madam alilijua hilo.

Hakumwita ofisini kumsihi. Ijumaa, saa ya chai, alikuja na sotet, kile kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya mgando, akakitikisa mbele yetu sote. Hapa kwetu mursik hupewa mkimbiaji akirudi nyumbani na medali. Madam alisema wanaofundisha kituoni wamekimbia mbio ndefu kuliko hao, na hakuna kamera iliyowaona. Halafu akamimina kikombe kimoja tu. Alimpa Lazarus, mlinzi wetu, kwa kuwa kila alfajiri alikuwa anafagia mabaki ya majani ili watoto wapate pa kukaa. Alitaja jambo lenyewe, akataja jina lake lote, akasema asante, akampa kwa mikono miwili. Sisi wengine tukabaki na chai ya kawaida. Jamani, ile chai haikushuka vizuri.

Tangu hapo Ijumaa ikawa siku ya wivu. Madam Chepkosgei wa Kiswahili alianza kufika shuleni kabla ya mlinzi. Mwalimu mwingine alisahihisha madaftari akiwa amesimama mlangoni pa mwalimu mkuu, mahali ambapo hangekosa kuonekana. Sisi jikoni tulitia iliki kwenye chai ya Alhamisi huku tukichungulia dirishani. Madam hakunaswa na hata mmoja wetu. Kikombe kilikwenda kwa aliyefanya jambo akidhani hakuna anayemwona.

Jackton alijifanya hajali. Alisema maziwa ya kutiwa majivu ya mti hayapiti kooni mwake, kwao wanakula samaki. Basi Ijumaa moja kikombe kikaenda kwa Chepkosgei, kwa kuwa alilishika darasa la Jackton siku ambayo mwenyewe alikwenda Bomet kuiangalia ile nafasi. Madam alilisema wazi, polepole, bila kukunja uso. Jackton alikitazama kikombe mpaka kikaisha. Chepkosgei akapangusa mdomo, akamwambia, "Pole, Mwalimu. Hiki si cha watu wa samaki."

Jumatatu Jackton alikuwa kituoni kabla ukungu haujainuka. Ile nafasi ya Bomet ilichukuliwa na mtu mwingine. Alimwambia Lazarus hawezi kuondoka bila kikombe, watamcheka mpaka Kisumu. Alikipata karibu na mtihani, siku ambayo lori liliwahi kufika, naye akahamisha darasa zima nyuma ya zizi la jirani na kuandika hesabu kwa chaki kwenye mlango wa ghala la mahindi. Alikunywa amefunga macho kama anayemeza dawa. Kisha akauliza kama kimebaki kidogo.

Gredi ya tisa walifanya mtihani mwalimu wao akiwapo. Mwaka uliofuata paa lilirudi, wazazi wenyewe wakishika nyundo. Hakuna mwalimu aliyehama. Ukimsifu Madam kwa hayo, anakwambia ukamwone Lazarus.

Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa ya mwisho. Tuliketi mapema, kila mmoja akiamini moyoni ni zamu yake, sisi wa jikoni zaidi, maana hatukuwa tumekionja hata mara moja. Madam akatikisa kibuyu. Kabla hajamimina, Jackton akainuka, akakipokea mikononi mwake kwa adabu, akamimina yeye. Alisema, "Caren Chepngetich. Ulijua nimeenda Bomet kutafuta pengine, na Jumatatu ukanisalimia kama kawaida. Asante, Madam." Akampa kwa mikono miwili. Ndipo tukakumbuka kwamba muda huo wote hakuna aliyewahi kummiminia. Madam alikishika kile kikombe bila kunywa, nasi tukaangalia nje. Chepkosgei ndiye aliyetuokoa: "Na kwa nini amimine yeye? Mimi nilipata kabla yake!" Madam, ambaye ndipo alikuwa anapiga funda la kwanza, akacheka mpaka mursik ikampanda puani.

Sasa anarudi Kipkelion kwa wajukuu na ng'ombe wake, na hao wote tunawaonea wivu, ng'ombe wakiwemo. Kibuyu amekiacha jikoni. Tumekitundika juu ya meko, na walimu wanapita mmoja mmoja kukiangalia, wakijifanya wamekuja kuuliza kama chai iko tayari.

Asante, Madam, kwa kila jina ulilolitaja. Mungu akupe siku nyingi, magoti yenye nguvu na usingizi mtamu. Uishi vyema huko kwenu. Ila hao wa Kipkelion usiwamiminie haraka. Wafanye kazi kwanza.