Siku Tatu za Dungu

Nasra, niegemeze ukutani, nataka niwaone wote. Sadala, uache huo mlango, ukae. Elinipendo, njoo hapa mkekani karibu na miguu yangu. Mjomba wenu Tamimu yupo kwa sababu wosia unataka shahidi, naye nimeshamweleza yote tangu asubuhi na amenikasirikia, kwa hiyo mkimwona amenuna msishangae. Sikilizeni wanangu, na asinikatize mtu, maana pumzi niliyobaki nayo haitoshi kulisema jambo mara mbili.

Nyumba hii na minazi ya nyuma ni yenu, Sadala na Nasra, mgawane kama dini ilivyogawa. Shamba la mpunga la ng'ambo ya mto, lile lenye dungu, ule ulingo wa kufukuzia ndege, nalitoa katika theluthi yangu na namwachia Elinipendo. Sadala, nimeuona uso wako. Ni kweli mtoto wa kulea hana fungu katika mirathi, lakini theluthi ni yangu kuusia, hata kwa asiye Muislamu, na Tamimu amelipima shamba kwa hatua zake mwenyewe, halizidi. Sasa nyamazeni niwaambie kwa nini shamba lile na si lingine, kwa sababu ndipo nilipomkosea.

Mnajua marehemu Wilhelmina alikuwa muuguzi wa zahanati yetu hapa Mbuchi, mtu wa Upare, na Nasra alipotanguliza miguu tumboni ni yeye aliyekesha nami siku mbili mpaka tukatoka wawili wazima. Alipofariki, masika ile ya miaka ya ruksa, mto ulikuwa umefurika na habari hazikufika kwao. Elinipendo, bintiye, alikuwa na miaka kumi, si mtoto wa kubebwa mgongoni akasahau. Alijifungia katika chumba cha mama yake akajipikia uji siku tano. Nikimpelekea wali ananirudishia sahani imeoshwa, anasema, "Asante Bi Mwantum, nimeshiba," na macho yameingia ndani kwa njaa. Siku ya sita nilikwenda na mkeka wangu nikalala kizingitini pake, ndipo akanifungulia.

Nikamleta humu. Watu wakaniambia nimbadilishe jina, nikakataa, ana jina la baba yake na ukoo wake. Lakini mimi nilidhani akishakula kwangu atakuwa wangu, na haikuwa hivyo. Alilala na viatu miguuni. Alificha mihogo chini ya kitanda mpaka ikaota ukungu. Sanduku la mama yake alilifunga kamba na kuliweka mlangoni, kila asubuhi analikagua, mwaka wa kwanza, mwaka wa pili. Nilikuwa nalipita sanduku lile roho inaniuma, nikijiuliza nimekosa nini. Halafu Ijumaa moja nikakuta kamba imeanikwa uani, nguo zake ziko pamoja na za Nasra, naye ananiita, "Mama, chumvi imekwisha." Nilikwenda nyuma ya choo nikalia.

Jumatatu yake akaja shoga yangu Tabu wa kivukoni mbio. Akasema kuna mgeni ameshuka na boti ya wanunuzi wa kamba wa baharini, mjomba wa yule mtoto, anaitwa Lucas, ana barua ya ofisi ya kata.

Elinipendo, nitazame. Nilikwambia ndege wanamaliza mpunga, twende tukawafukuze. Tulivuka, tukapanda dungu, nikavuta ngazi juu. Siku tatu. Wewe uliimba na kupiga debe, ukafurahi kwamba nimekuchagua wewe na si Nasra, nami kila mtumbwi ukipita nilikuambia ulale chini kwa sababu ya jua. Mjomba wako alikuwa upande huu wa mto akikuulizia nyumba kwa nyumba, majirani wakanisitiri, nami nilikuficha. Mama yako aliniokolea mtoto, nami nikamwibia ndugu yake mtoto wa damu yake.

Tulia kwanza. Bado.

Sadala alikuwa na miaka kumi na mitano. Nilimwachia maneno ya kusema, naye akayasema mbele ya mgeni kwa kiapo, kwamba mtoto amechukuliwa na muuguzi mmoja aliyehamishiwa Lindi. Yule mtu akaenda Lindi. Sijui alitafuta muda gani. Tangu siku ile Sadala hakuweza kula sahani moja na wewe, na watu wote, na wewe mwenyewe, mkadhani anakuonea wivu. Hana wivu. Ana aibu, na aibu ile nilimvisha mimi, mama yake. Mwanangu Sadala, nisamehe, kiapo kile nakibeba mimi.

Nasra, ingiza mkono chini ya godoro. Hilo ni sweta alilolifuma bibi yako, Elinipendo, kwa ajili ya baridi ya kwao. Aliliacha mjomba kwa Sadala, kama ukirudi. Ni la mtoto wa miaka kumi na miwili. Miaka saba nimelilalia. Na karatasi iliyomo ndani ni anwani ya Lucas, huko Mwanga.

Maji... asante. Kidogo tu.

Maagizo yangu ni haya. Arobaini yangu ikipita, Sadala, wewe mwenyewe utampeleka Elinipendo mpaka Kibiti, mpande basi pamoja, umfikishe kwa mjomba wake, na useme kwa kinywa chako ulichosema siku ile na nani alikutuma. Akitaka kubaki kwao, abaki. Shamba ni lake akiwa huko au huku, Nasra atamlimia. Sikuliusia limfunge. Nataka siku akija asije mgeni.

Mungu awaweke. Awape uzao mwema... awape na kusameheana, maana mimi sikuwaachia kazi rahisi. Sadala, mshike Nasra. Nasra, umheshimu dada yako.

Limebaki moja. Nikifa, mwalimu wa madrasa ameniambia, wataniosha Nasra na Tabu. Elinipendo hawatamruhusu, na mimi sibishani na mwalimu. Kwa hiyo naomba... naomba aniogeshe leo, ningali nasikia. Kama anataka. Asipotaka, asilazimishwe na mtu, ana haki yake.

Sioni vizuri. Nasra, dada yako ametoka?

Ametoka. Basi mwacheni. Tamimu, usimwite, mwache.

Nilazeni sasa.

Nani huyo anachota maji uani?

Basi wanaume tokeni.