Kitanda cha Padri na Mistari Mitatu ya Papa Gracien

Ndugu, jamaa na majirani wa Bagira, familia inawaomba mumsindikize Papa Gracien Cirimwami kwa masikio kabla ya kumsindikiza kwa miguu, maana yeye hakupenda karatasi iandikwe kisha isisomwe kwa sauti.

Papa Gracien alizaliwa Luhwindja, teritware ya Mwenga, tarehe 3 mwezi wa tisa 1952, mtoto wa kwanza wa Papa Aloys Mugisho na Maman Bintu. Alianza shule ya msingi hapo hapo mwaka 1959, akaiacha mwaka 1963 akiwa darasa la nne, baada ya baba yake kufukiwa na shimo la dhahabu, na herufi alizokuwa amezijua zikaanza kumtoroka moja moja.

Mwaka 1969 alikuja Bukavu, akajifunza useremala Nyawera kwa mzee Philémon, ambaye alisifu mkono wake bila kujua kwamba kijana huyo alipokea karatasi za wateja, akazitazama, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa, kisha akawachokoza wenzake mpaka wakazisoma kwa sauti. Hila hiyo ilimtosha miaka tisa. Mwezi wa tatu 1978, padri mmoja aliacha karatasi ya kuagiza kitanda cha mtu mmoja, siku ambayo wenzake hawakuwapo, naye Papa Gracien akatengeneza kitanda cha watu wawili, akakisukuma kwa mkokoteni mpaka parokia, waumini wakitoka misa. Padri alikizunguka mara mbili, akasema: "Gracien, mwanangu, hii kitanda nitamuelezea askofu namna gani?"

Kitanda kilirudi Nyawera. Mwalimu Consolate M'Birindwa, aliyekuwa katika misa hiyo, peke yake hakucheka, bali alimfuata kazini akiwa na kitabu cha kusomea cha darasa la kwanza, na tarehe 12 mwezi wa nane mwaka uleule wakafunga ndoa, kitanda kikapata wenyewe. Walijaliwa watoto watano, wa kwanza akiwa Lucien.

Maman Consolate alituacha tarehe 9 mwezi wa kumi na moja 2016, na mumewe akashika desturi yake: kila siku saa kumi, maharagwe yakiwa motoni, wajukuu walikaa juu ya kitanda kile, kila mmoja akasoma ukurasa mmoja kwa sauti, akaandika mistari mitatu katika kaye, daftari lake, babu mwenyewe akiwa wa kwanza kuandika ya kwake. Vitabu vilipokosekana walisoma gazeti lililofungia sabuni, kalenda ya parokia, hata maelezo ya dawa ya minyoo. Bic nyekundu ya kusahihishia hakuitaka, alisema musumari wa kwanza lazima upinde. Alipouliza kama leo wamesoma, nao wakajibu kwamba wametoka masomo, yaani shuleni, aliwaambia: "Masomo iko kule ku barabara. Mie naulizia kusoma." Na masomo yaliposimama mwezi wa pili 2025, vita ilipofika Bukavu, saa kumi ya kitandani haikuruka hata siku moja.

Ni katika siku hizo alipogundua kwamba Yannick, mtoto wa Lucien, wa mwaka wa saba shuleni, hasomi, bali anakariri ukurasa ambao dada yake Colombe ametangulia kuusoma. Hila hiyo aliijua. Hakumgombeza, alimsimulia kisa cha padri, ambacho hata Lucien alikuwa hajakisikia, na tangu siku hiyo wawili hao walianza kabla ya wengine, silabi kwa silabi, maana babu aliogopa jambo moja tu, kwamba atakufa kabla mtoto huyo hajaacha kujificha.

Shinikizo la damu lilimsumbua tangu 2023, moyo ukachoka, akalazwa tarehe 22 mwezi wa tano 2025. Tarehe 7 mwezi wa sita, vidonge viwili vikiwa tayari mkononi mwa babu, Yannick alichukua karatasi ya daktari, akaisoma polepole, kidole kikiwa chini ya maneno, akasema: "Babu, ni kimoja. Viwili ilikuwa kitanda." Papa Gracien alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini.

Alifariki Jumanne, tarehe 10 mwezi wa sita, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka 72, ameacha watoto watano na wajukuu kumi na wanne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, waliomvumilia alipowaomba waandike herufi zinazosomeka, majirani walioleta viti, makala ya kupikia na maji, na maseremala wenzake wa Nyawera, waliotengeneza sanduku hili, la mtu mmoja, baada ya kusoma karatasi ya vipimo mara mbili.

Katika kaye ya Papa Gracien, tarehe 9, kuna mistari miwili, mkono ulichoka. Wa tatu ameuandika Yannick jana saa kumi, bila kusaidiwa na mtu: "Babu, leo nilisoma."

Papa Gracien, umesikia. Pumzika kwa amani.