Marehemu Stefano Mughwai na Kamba Yake ya Mafundo Ishirini

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kumsindikiza, poleni kwa msiba na poleni kwa tope la njiani. Mlioketi juu ya baraza la mbao hapo nyuma ya jikoni, kaeni kwa raha, halitaanguka. Sababu yake itaelezwa. Wasifu huu umeandikwa na unasomwa na shemeji wa marehemu, Gaspari, fundi mwashi wa hapa Kintinku, kwa idhini ya mjane. Mjane amesema yasemwe yote, ila yasemwe taratibu.

Marehemu Stefano Mughwai alizaliwa mwezi Agosti 1928 karibu na Ikungi, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba siku alipoanza kusimama, kitu cha kwanza alichoshika kilikuwa kigoda, akakitikisa kuona kama mguu wake unacheza. Ulikuwa hauchezi. Baada ya wiki moja ukawa unacheza.

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1938 hadi 1942, akamaliza darasa la nne. Alikuwa hodari wa hesabu na hati yake ilikuwa nzuri. Ripoti yake ya mwisho, ambayo mjane ameitunza sandukuni, inasema "ana bidii", na pembeni mwalimu ameongeza kwa wino mwekundu: "Asiachiwe madawati."

Mwaka 1950 aliajiriwa kwenye reli hapa Kintinku, katika gengi, yaani kile kikosi cha kutengeneza njia, na kazi yake ilikuwa kushindilia kokoto chini ya mataruma yanayobeba reli. Msimamizi wao alikuwa na futikamba ya chuma ambayo hakumwazima mtu. Siku moja ya Septemba 1951, jua la kiangazi likiwaka, msimamizi alikwenda kula akaisahau chini. Marehemu alinyoosha kamba ya katani kando yake, akafunga fundo kila futi, mafundo ishirini kamili. Tangu siku hiyo hakuona sababu ya kumwuliza mtu yeyote kipimo. Kamba hiyo, katika kila nyumba aliyokaa, aliitundika kwenye msumari ukutani, upande wa nje, mahali ambapo mvua ilikuwa inafika vizuri. Naomba waombolezaji waukumbuke msumari huo.

Posa ilipelekwa Juni 1962. Baba yake Theodora, ambaye sasa ni marehemu naye, alimwuliza mkwe mtarajiwa binti yake atalala wapi. Gaspari, kaka wa bibi harusi, alikuwa amekwisha kuinua mkono kujitolea kujenga msingi. Marehemu akamwahi.

"Mzee, nyumba nitajenga mwenyewe, na ikiharibika nitatengeneza mwenyewe. Nikijengewa na shemeji, si itakuwa mimi ndiye nimeolewa?"

Wazee walicheka mpaka wakapigana mabega, na posa ikakubaliwa palepale. Gaspari aliushusha mkono wake. Ndoa ilifungwa Jumamosi tarehe 29 Septemba 1962. Theodora hakudai makubwa. Aliomba kitu kimoja tu: baraza la mbao lililoinuliwa juu ya nguzo, nyuma ya jikoni, kama lile alilokuwa akiliona nyuma ya nyumba ya bwana stesheni, ili masika achambue mtama miguu yake ikiwa mikavu. Wote mnaujua udongo wetu wa mbuga; mvua ikinyesha, mtu huingia na viatu akatoka na miguu.

"Mwaka huu huu," marehemu alimwambia.

Nyumba aliijenga kweli, tembe ya vyumba vitatu, na kila kilichoharibika alikitengeneza kweli. Mlango wa mbele ulifunguka kwa kuinuliwa kidogo na kupigwa goti. Wenyeji walizoea, na watoto walipoanza kwenda kucheza kwa watu walikuwa wanapiga goti milango ya watu. Dari lilipovuja aliongeza udongo juu ya paa, na lilipovuja tena akaongeza tena, hadi boriti zikaanza kuinama na wageni warefu wakawa wanasalimia wakiwa wameinama tayari. Gaspari alikuja kila Jumapili na pimamaji yake mfukoni, ile yenye kipovu kinachoonyesha kama kitu kimelala sawa. Kila Jumapili aliondoka nayo mfukoni vilevile. Marehemu alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamwambia, "Shemeji, leo umepumzika kazi. Usiniangalie nguzo."

Baraza la kwanza lilianza kiangazi cha mwaka 1963. Marehemu alikata nguzo sita kwa kamba yake, mvua ikaanza, akapumzika. Ilipopungua akakata sita nyingine kwa kamba ileile na mafundo yaleyale. Lilipomalizika lilikuwa limeinama upande mmoja. Theodora alimwaga mtama juu yake, mtama ukateremka wenyewe, na mbuzi wakajifunza kusubiri upande wa chini. Gaspari alikaribishwa kigoda hapo juu. Akawa anahama na kigoda chake polepole kuelekea kwa mbuzi huku akiongea, na kwa heshima ya shemeji yake akajifanya alitaka kusimama.

Marehemu aliudhika sana, si kwa watu bali kwa udongo. Alisema mbuga inameza nguzo. Mwaka 1968 alilibomoa lote, akaweka mawe chini ya kila nguzo na kushindilia kokoto jinsi alivyofundishwa kwenye reli, akapima upya, nusu kabla ya mvua kuanza na nusu baada. Safari hii likainamia upande wa pili. Theodora alisema, "Baba Cecilia, angalau sasa mbuzi watazunguka." Halafu akachukua ungo wake akarudi kuchambua mtama ndani, kwenye moshi. Hakulalamika, ila mume wake alimwona, na siku hiyo hakula.

Alistaafu reli mwaka 1973. Mwaka uliofuata, amri ya kuhamia vijijini ilipotufikia na lori likaja, watu walipakia vyungu, kuku na magodoro. Marehemu alianza kwa kupakia nguzo kumi na mbili. Kijana wa operesheni akamwuliza, "Mzee, na kitanda?"

"Kitanda nitatengeneza kingine."

Theodora aliposikia hivyo alikibeba kitanda mwenyewe, akakipandisha lorini, akakikalia hadi tulipofika.

Hapa kijijini alichaguliwa mjumbe wa nyumba kumi, na kwa kuwa ndiye mwenye kipimo, alipewa kazi ya kugawa viwanja. Kila kiwanja kilikuwa na upana wa kamba tano, futi mia moja. Vitano vya kwanza alivipima Oktoba, akamalizia na cha kwake. Vitano vilivyobaki alivipima Desemba mvua ikinyesha, akaanza na cha jirani yake Idrissa, mshona viatu.

"Mjumbe, mbona changu kidogo?" Idrissa aliuliza.

"Kamba ni ileile, Idrissa. Mafundo ishirini. Hesabu mwenyewe."

Idrissa alihesabu. Yalikuwa ishirini.

Malalamiko hayo yalimfikia Gaspari. Januari 1975, marehemu akiwa ametoka kwenda kusagisha, Gaspari alipima viwanja vyote viwili kwa futikamba yake. Cha marehemu kilikuwa futi mia moja, na cha Idrissa futi tisini na saba. Akaichukua kamba pale msumarini ikiwa inachuruzika maji, akaipima: futi kumi na tisa na inchi tano. Akaikausha motoni jikoni, akaipima tena, ikawa futi ishirini. Katani ikilowa hujivuta ikawa fupi, na ikikauka hurudi. Miaka kumi na miwili ya kuilaumu mbuga, kumbe ni msumari wa nje. Gaspari alikaa chini akacheka hadi machozi yakamtoka, na Theodora akaja na mwiko mkononi kuona kuna nini.

Aliposikia, yeye hakucheka.

"Kaka, usimwambie."

"Theodora, hiki ni kitu cha kuambiwa mtu! Akiisha kujua, baraza lako unalipata kesho."

"Ukimwambia, hatapima tena kitu maisha yake yote. Mimi nilimtaka Mughwai. Sikuolewa na baraza."

Gaspari alikubali. Naomba ieleweke kwamba kwa fundi, kuziona nguzo fupi na kunyamaza ni kazi nzito kuliko kubeba zege.

Septemba mwaka huohuo Idrissa alikuta mawe ya mpaka wake yamesogea futi tatu, yameingia kwenye kiwanja cha mjumbe. Alimtazama mjumbe, mjumbe akatazama mbuzi. Mtu akiongezewa hana la kushtaki, kwa hiyo Idrissa aliingia ndani akaendelea kushona viatu.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza Aprili 1976. Miguu ilivimba na pumzi ikawa fupi. Juni alilazwa Manyoni wiki mbili, na wauguzi walimkuta mara mbili chini ya kitanda cha jirani yake akikiwekea kigingi. Kitanda kilitulia, mgonjwa hakutulia. Daktari alimruhusu kurudi nyumbani kwa sharti la kutofanya kazi nzito. Tarehe 9 Agosti alianza kuchimba mashimo ya baraza, kwa mara ya tatu.

Gaspari alikuja mbio.

"Shemeji, niachie mimi. Kwa ugonjwa huu hakuna atakayesema umeolewa."

"Kaa kwenye kiti. Ukitaka kusaidia, nipe habari za mjini."

Gaspari alitoa habari kwa wiki tatu, hadi zikaisha akaanza kuzitunga. Marehemu alipima, alikata, alipumzika kwenye kila nguzo, akakubali uji, akaendelea. Mihimili aliinua Idrissa. Yeye aliruhusiwa kwa kuwa hakuwa na dada katika nyumba hiyo. Tarehe 30 Agosti, jua bado kali na mawingu hayajaonekana, msumari wa mwisho uligongwa. Marehemu alipokwenda kunawa, Gaspari alitoa pimamaji mfukoni na kuilaza juu ya mbao. Kipovu kilisimama katikati kabisa. Akaigeuza, kikasimama palepale. Alisema moyoni kwamba ni bahati, kwamba safari hii mvua haikumwahi tu. Theodora alipanda na ungo wake, akakaa, akanyoosha miguu yake mikavu mbele. Masika yote haya amekaa hapo kila siku, na mume wake kando yake kwenye kiti.

Jumamosi tarehe 12 Machi mwaka huu mvua ilikuwa inanyesha, nao shemeji wawili wameketi barazani. Marehemu aliomba aletewe kamba.

"Shemeji, kaburi langu utalipima wewe," alisema. "Kwa hii hapa."

Gaspari aliipokea. Ilikuwa imelowa chapachapa. Alikumbuka ahadi aliyompa dada yake, akajibu tu, "Sawa, shemeji."

"Ila uianike kwanza."

Gaspari alimtazama. Jikoni mwiko ulisimama ndani ya chungu.

"Unajua tangu lini?"

"Tangu siku ile ulipoichekea jikoni. Nilisahau gunia, nikarudi kulichukua. Nilisimama nyuma ya ukuta nikasikia yote."

"Sasa mbona hukusema, shemeji?"

"Ningesema, mngeniletea fundi." Alitafuta pumzi. "Na nilitaka yeye akae kwenye langu."

Theodora hakutoka jikoni. Ugali wa siku hiyo uliungua, na tuliula wote.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumapili tarehe 20 Machi 1977, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka arobaini na minane. Mvua haijakatika tangu hapo, kama mnavyoona. Theodora aliitundika kamba juu ya mafiga, akaigeuza na kuigeuza Jumapili yote na jana hadi mchana. Wageni waliuliza ni nyama gani hiyo inayokaushwa. Jana alasiri Gaspari alipima kaburi kwa kamba hiyo, mafundo saba, kisha akarudia kwa futikamba yake ya chuma. Vipimo vililingana, hapakuwa na tofauti hata ya unene wa kucha. Kwa miaka kumi na minne na nusu Gaspari aliomba kazi katika nyumba hii, na jana akaipata. Alilia shimoni, na hakuwa na haja ya kuwaficha waliokuwa wakichimba naye.

Marehemu ameacha mjane, Theodora. Watoto watatu, Cecilia, Chrispin na Dorika. Kaka yake Simoni wa Ikungi. Jirani yake Idrissa, mwenye futi mia moja kamili. Na shemeji mmoja. Kamba ameachiwa Cecilia, na mama yake ameweka sharti kwamba itundikwe ndani.

Stefano Mughwai, apumzike kwa amani. Pamepimwa kwa kamba kavu.