Namba ya Virginie

Taxi-bus yetu ilitoka mjini kwenda Karavia. Mbele yangu mzee mmoja alimwonyesha mama aliyekaa naye, mshonaji wa nguo, jina lake mwenyewe kwenye simu, katika annuaire ya Internet, ile ambamo watu wanatafuta mafundi.

"Muone, mama: Kasonde, fundi wa mashini za kushona. Bibi yangu Virginie njo aliniandika mule. Aliweka namba yake na jina yake, sababu miye sikukuwa na simu. Alikufa mwaka jana, lakini baclients bangali banaita ile namba."

"Pole, papa. Lakini muibadirishe. Mutu anatafuta Virginie, anasikia sauti ya mwanaume, anakata. Munapoteza kazi."

"Banakata bawili, batatu. Bengine banauliza: mama Virginie iko?" Mzee aliitazama simu mkononi. "Kwa nyumba hakuna tena mutu anaita jina yake."

Yule mama, aliyekuwa akiongea bila kukoma tangu mjini, sasa alisema kwa upole: "Ni kweli, papa. Lakini mutakula nini?"

Simu ya Virginie ililia mkononi mwa mzee kabla hajajibu.

"Hapana, mama, Virginie haiko tena. Miye niko bwana yake. Eee, alipendaka kucheka sana." Alisikiliza kwa muda, akitabasamu. "Aksanti. Sasa mashini yenu, inakata uzi?"

Mshonaji alitikisa kichwa, akatafuta kalamu mkobani na kumpa aandike anwani.

Tulifika Karavia. Walishuka pamoja, yule mama bado akisema kwamba ile namba lazima ibadilike, ingawa tayari alikuwa ameiingiza kwenye simu yake.