Mbuzi wa Daktari wa Mishipa

Katika teksi ya Probox tuliyopanda Ngaremara, mbuzi aliyefungiwa kwenye buti aliongea kuliko dereva. Mwenye mbuzi, Akolong, alikuwa anampeleka zawadi kwa daktari wake wa mishipa ya fahamu, Isiolo mjini.

"Kwani amekuponya?" akauliza Gaceri, muuza miraa, ambaye alikuwa amemjua kwa dakika kumi tu.

"Ugonjwa huu wa MS hauponi, mama. Askari wa mwili wangu wanakula mishipa, kama panya na waya. Mwaka juzi nilikuwa nabebwa kama gunia. Sasa wataalamu wamepata dawa ya kuwatuliza."

"Basi ngoja upone. Kwetu Meru fundi hachinjiwi kabla ya kuweka bati."

"Mzee wetu mwaguzi alichinja mbuzi wanne akisoma matumbo yao, asione kitu. Daktari alisoma picha ya kichwa changu, akautaja ugonjwa kwa jina. Huyo nimnyime mmoja?"

"Na akikataa?"

"Atamkataaje mbuzi akimwangalia machoni?"

Tukafika steji ya Isiolo. Dereva akafungua buti, mbuzi akaruka, akatoroka kuelekea sokoni. Sote tukapiga kelele. Akolong hakupiga, alikuwa ameshatupita, anakimbia, anacheka.