Mama Kiti, Aliyewaruhusu Watoto Kuchoka

Mama yetu mpendwa, ambaye wanamichezo wengi walimjua kwa jina la Mama Kiti, alizaliwa tarehe 9 Juni 1957, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mshonaji. Tangu utotoni alikuwa na mbio. Baba yake alizoea kusema kwamba soli za huyu mtoto huisha kabla gundi haijakauka.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza sekondari mwaka 1976. Huko aliitwa kwenye timu ya vijana ya mbio za mita mia nane, akakimbia na goti bovu kwa sababu kila mtu alimwambia ajikaze. Goti halikupona. Hakulalamika, ila neno "jikaze" lilimkaa vibaya masikioni maisha yake yote.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na baba yetu, fundi umeme, aliyemtangulia kwa Bwana mwaka 2009. Mungu aliwajalia watoto watatu.

Alisomea ualimu, kisha ushauri nasaha, na kuanzia 1988 hadi alipostaafu 2017 alifanya kazi katika kituo cha kulea vipaji vya michezo. Miguu ya wale watoto ilikuwa na walezi wengi. Yeye alitunza vichwa vyao. Chumba chake kilikuwa mwisho wa korido, baada ya stoo ya mipira. Mtoto akiingia, mama alitoa kiti chake nyuma ya meza, akakiweka ubavuni mwa mtoto, wote wawili wakawa wanatazama dirishani. Hakuuliza kitu. Na "jikaze" ilikuwa marufuku humo ndani.

Kulikuwa na binti mmoja, mwepesi kuliko wote, aliyekuwa akitapika kabla ya kila mashindano. Siku moja aliingia, akakaa, akasema, "Nimechoka."

Mama akamjibu, "Haya, mwanangu. Choka."

Kocha alikuja juu. "Mama Kiti, unanidekezea watoto! Sasa medali nikalete mimi na kitambi hiki?"

"Nenda, kocha. Nitakuja kukushangilia."

Binti alipumzika msimu mzima. Aliporudi, alirudi mwenyewe bila kuitwa. Yupo nasi hapa leo, na kocha pia.

Februari 2025 mama aligundulika kuwa na saratani ya ini. Alipasuliwa, akawekewa dawa, akawekewa tena. Tulizunguka hospitali hadi walinzi wakawa wanatusalimia kama ndugu. Mwezi wa nane daktari alipotaja awamu nyingine ya dawa, mama alikataa. Tulimbembeleza. Kitinda mimba wake, machozi yakimtoka, akamwambia, "Mama, jikaze kidogo tu, kwa ajili yetu."

Mama alimtazama. "Mwanangu, nimechoka."

Kisha yule kitinda mimba alivuta kiti kilichokuwa miguuni pa kitanda, akakiweka ubavuni mwa mama, akakaa. Wakatazama dirishani pamoja.

Tulimrudisha nyumbani. Tulipokezana kukaa ubavuni pake, tukisali na kunyamaza, hadi Bwana alipomwita asubuhi ya Jumanne, tarehe 21 Oktoba 2025, akiwa usingizini.

Ameacha dada mmoja, watoto watatu, wajukuu watano, na wanamichezo wengi waliomwita mama ingawa hakuwazaa.

Haya, mama. Choka. Bwana akupumzishe kwa amani.